Pazia la Yom Kippur: kisa cha Ukuta wa Jerusalem, 1928–1931

Jumapili jioni, tarehe 23 Septemba 1928, mkesha wa Yom Kippur, siku ya Wayahudi ya kufunga na kutubu, naibu kamishna wa wilaya ya Jerusalem, Edward Keith-Roach, alipita kwenye Ukuta wa Magharibi akiwa na ofisa wa polisi, Douglas Duff. Walitazama ibada kutoka kwenye jengo la mahakama ya kadhi lililopakana na ukuta. Kule chini, kwenye sakafu ya mawe, palikuwa na pazia la kitambaa lililowambwa kwenye fremu ya mbao, limesimamishwa ili wanaume wasali upande huu na wanawake upande ule. Kwa mila ya Kiyahudi hilo si jambo geni hata kidogo. Lakini msimamizi wa wakfu wa mahali pale alilalamika kwamba pazia ni kitu kipya, na Keith-Roach akakubaliana naye. Akamwamuru mhudumu wa ibada aliondoe kabla hakujapambazuka.

Mhudumu aliitikia. Asubuhi ya tarehe 24 pazia lilikuwa bado limesimama, na siku yenyewe ni ile ambayo Myahudi mshika dini hali, hanywi wala hagusi kazi ya mikono. Polisi wa Kiingereza wakaingia katikati ya watu waliokuwa wakisali. Baadhi ya waumini waliing'ang'ania fremu, zikawa purukushani, na pazia likang'olewa.

Mwezi Agosti mwaka uliofuata Wayahudi 133 waliuawa katika ghasia zilizoanzia Jerusalem, na Waarabu 116 nao walikufa, wengi wao kwa risasi za polisi na askari wa serikali. Sisemi kwamba pazia ndilo lililoua. Chuki ilikuwa na mizizi mirefu zaidi ya hapo: ardhi, uhamiaji, na ahadi zilizogongana. Ila ukitaka kujua utawala wa Kiingereza katika Palestina ulikuwa unafanyaje kazi siku hadi siku, na kwa nini kila ulichogusa kiliishia mikononi mwa polisi, kisa hiki kinakuonyesha vizuri kuliko hotuba zote za mawaziri.

Kichochoro chenyewe

Siku hizi anayetazama picha za Ukuta huona uwanja mpana. Mwaka 1928 hapakuwa na uwanja. Palikuwa na kichochoro kisichotokea upande wa pili, chenye urefu wa mita 28 hivi na upana usiofika mita 4, kati ya Ukuta na nyumba za mtaa wa Wamaghribi, watu wa asili ya Afrika Kaskazini. Wakazi walipita humo humo, na mara nyingine punda zao, huku watu wakisali.

Ukuta wenyewe ni sehemu ya boma linaloshikilia uwanja wa Haram al-Sharif, wenye Msikiti wa Aqsa na Kuba la Mwamba. Kwa Wayahudi hayo ni mabaki ya ua wa Hekalu lililobomolewa na Warumi mwaka 70, na wakati huo hapakuwa na mahali pengine walipoweza kusali karibu zaidi na pale lilipokuwa. Kwa Waislamu, ndipo Mtume alipomfunga Buraq, mnyama aliyempanda, usiku wa Miraji, na kwa hiyo huuita Ukuta huo Buraq. Na kichochoro pamoja na nyumba za mbele yake vilikuwa wakfu wa Abu Madyan, uliowekwa karne ya 14 kwa ajili ya mahujaji na maskini kutoka Maghribi.

Msomaji wa pwani yetu hahitaji kufundishwa wakfu ni nini. Waingereza hao hao waliunda tume za wakfu Zanzibar na Kenya, na kesi zake zinajulikana: mali ya wakfu haiuzwi, hairithiwi, haitolewi zawadi, na msimamizi mzembe ndiye anayeipoteza, kidogo kidogo, kwa kumwachia mtu aweke benchi leo na kibanda mwaka kesho. Hofu ya msimamizi wa Jerusalem ilikuwa hiyo. Mwaka 1840 watawala wa wakati huo walikataa ombi la Wayahudi la kutandika mawe mapya kwenye kichochoro. Mwaka 1911, chini ya Waturuki, baraza la mji lilikataza viti na pazia baada ya msimamizi wa wakfu kulalamika kwamba vitu hivyo vikizoeleka vitageuka madai ya umiliki. Halafu mwaka 1918, Waingereza wakiwa wameuteka mji miezi michache tu iliyopita, Chaim Weizmann, kiongozi wa harakati ya Kizayuni iliyotaka makao ya Wayahudi Palestina, alijaribu kuununua mtaa ule kwa fedha nyingi. Waislamu walikataa, na tangu hapo kila kiti kilichopelekwa Ukutani kilionekana kuwa kimetangulizwa na mnunuzi.

Upande wa pili nao haukuwa na hila peke yake, na hapa ndipo wachambuzi wengi wa upande mmoja huteleza. Mzee aliyefunga tangu machweo hadi machweo na kusimama juu ya mawe anahitaji kiti. Wanaosali kwa desturi ya kutenganisha wanaume na wanawake wanahitaji kizuizi. Wayahudi walikuwa wamesali pale kwa karne nyingi, na kulazimika kuomba ruhusa ya kigoda mahali patakatifu kuliko pote walipoweza kusali kulikuwa fedheha. Polisi walikwisha kuondoa mabenchi siku hiyo hiyo ya Yom Kippur mwaka 1925. Kwa hiyo mwaka 1928 Keith-Roach hakuwa anakutana na jambo jipya. Alikuwa anarudia amri ileile, safari hii kwa kitu kilichoonekana zaidi na mbele ya watu wengi zaidi.

Serikali isiyotaka kuwa hakimu

Uingereza ilikuwa Palestina kwa udhamini wa Shirikisho la Mataifa, kama ilivyokuwa Tanganyika. Tofauti ni kwamba waraka wa Palestina, ulioidhinishwa Julai 1922, ulibeba ndani yake ahadi ya Balfour, waziri wa mambo ya nje wa Uingereza, ya mwaka 1917: makao ya kitaifa kwa Wayahudi, bila kudhuru haki za kiraia na za kidini za wasio Wayahudi waliopo. Hesabu ya watu ya mwaka huo wa 1922 ilionyesha wakazi wapatao 757,000, na Wayahudi kati yao hawakufika 84,000. Waarabu walisusia uchaguzi wa baraza la kutunga sheria mwaka 1923, kwa hoja kwamba kushiriki ni kuikubali ahadi ya Balfour, na baraza hilo likafa kabla ya kuzaliwa. Hakukuwa basi na chombo chochote cha wakazi wenyewe ambako ugomvi wa Ukuta ungeweza kujadiliwa, hata kwa matusi.

Waraka wa udhamini ulikuwa na dawa yake. Kifungu cha 13 kiliipa Uingereza jukumu la kulinda haki zilizokuwapo katika mahali patakatifu. Kifungu cha 14 kiliagiza iundwe tume maalumu ya kuzichunguza na kuziamua haki hizo. Tume hiyo haikuundwa, kwa sababu mataifa ya Ulaya hayakuafikiana nani akae ndani yake. Mwaka 1924 London ikatoa amri nyingine: kesi yoyote inayohusu mahali patakatifu isisikilizwe na mahakama za Palestina. Ukiziweka amri mbili hizi pamoja unaona shimo lenyewe. Tume ya kuamua haipo, na mahakama haziruhusiwi kuamua. Kilichobaki ni ofisa wa wilaya mwenye kazi ya kuhakikisha kila kitu kinabaki kama Waturuki walivyokiacha, bila hati inayosema Waturuki walikiacha vipi.

Hukumu yangu iko hapo. Keith-Roach analaumiwa kwa ukali wake, na kweli kuwatuma polisi katikati ya sala ya Yom Kippur ni ukosefu wa busara ambao hata karani wa tarafa angeuona. Lakini hata ofisa mpole angekwama. Utawala unaoshikilia kwamba desturi ya zamani ndiyo haki, halafu unakataa kuandika desturi hiyo ni ipi, unamfundisha kila mtu kwamba njia ya kupata haki ni kufanya kitu mara mbili bila kuzuiwa, na njia ya kuilinda ni kupiga kelele mara ya kwanza. Pande zote mbili zilijifunza somo hilo upesi sana.

Miezi kumi na moja

Malalamiko ya Wayahudi yalikwenda London, na Geneva kwenye Shirikisho la Mataifa. Magazeti ya Kiebrania yaliandika kwa hasira, na wapo waliodai kwamba Ukuta utwaliwe kutoka kwenye wakfu. Mufti Haj Amin al-Husseini, aliyewekwa na Waingereza wenyewe mwaka 1921 na kuongoza Baraza Kuu la Kiislamu tangu 1922, aliona hatari na aliona pia nafasi. Ikaundwa kamati ya kuutetea Buraq. Mwanasiasa aliyekuwa na wapinzani wengi katika familia kubwa za Jerusalem akapata jambo ambalo hakuna Mwislamu angeweza kusimama hadharani kulipinga.

Novemba 1928 Waziri wa Makoloni, Leo Amery, alitoa waraka wa serikali. Ulisema Wayahudi wana haki ya kufika kwenye sakafu ya Ukuta kusali, ila walete vifaa vile tu vilivyoruhusiwa wakati wa Waturuki, na kwamba serikali ingefurahi pande mbili zikikubaliana zenyewe kwa maandishi. Yaani jaji amewaambia wenye kesi wakaandike hukumu.

Mufti akautumia waraka huo jinsi ulivyo. Kama kila mmoja anabaki na haki zake, basi mwenye wakfu ana haki ya kujenga kwenye wakfu wake. Mwaka 1929 mafundi walikuwa kazini juu na kando ya Ukuta. Nyumba iliyo karibu ikageuzwa zawiya, yaani mahali pa ibada ya masufi, mwadhini akaadhini hapo mara tano kwa siku, na zikiri zikafanyika kwa sauti jirani kabisa na waliokuwa wakisali. Mlango ukafunguliwa upande wa kusini, na kichochoro kisichotokea kikawa njia ya watu. Wanasheria wa serikali walisema kazi hizo zinaruhusiwa mradi tu haziwasumbui wenye ibada. Ujenzi usiomsumbua mtu anayesali hatua nne kutoka kwenye nyundo, sijui ungefananaje.

Agosti ikafika. Tarehe 15, siku ya Wayahudi kuomboleza kubomolewa kwa Hekalu, vijana mia kadhaa waliandamana hadi Ukutani kwa ruhusa ya serikali na polisi wakiwasindikiza. Walipandisha bendera, wakaimba wimbo wao wa taifa na kupaza sauti kwamba Ukuta ni wao. Kesho yake, Ijumaa, maelfu ya Waislamu walitoka Haram wakateremka kichochoroni. Vitabu vya sala vikachomwa moto, na vikaratasi vya maombi ambavyo Wayahudi huvitia katika nyufa za mawe vikatolewa na kuchomwa. Jumamosi, kijana wa Kiyahudi aliyefuata mpira uliodondokea shamba la Mwarabu alichomwa kisu. Alifariki tarehe 20, na mazishi yake yakageuka maandamano.

Kamishna Mkuu, yaani mkuu wa serikali ya Kiingereza Palestina, John Chancellor, alikuwa likizo Ulaya. Aliyekaimu, Harry Luke, aliwaita nyumbani kwake wawakilishi wa pande zote mbili Alhamisi tarehe 22, akitaka watoe tamko la pamoja la kutuliza watu. Walizungumza kwa saa nyingi. Hawakuafikiana, lakini waliagana kwa adabu na kupanga kukutana tena Jumatatu tarehe 26.

Ijumaa tarehe 23 wanavijiji waliingia Jerusalem wakiwa na marungu na visu. Uvumi ulikuwa umesambaa kwamba Wayahudi wanataka kuuvamia Msikiti wa Aqsa. Baada ya sala ya mchana umati ukatoka kwenye malango ya mji.

Serikali haikuwa na askari wa kutosha, na hilo halikuwa bahati mbaya. Kikosi cha Waingereza cha gendarmeria, yaani polisi wa kijeshi, kilivunjwa mwaka 1926 ili kubana matumizi. Palestina nzima ilikuwa na polisi wapatao 1,500, walio wengi Waarabu, na Waingereza kati yao hawakufika 300. Hebron, mji wenye jamii ya Kiyahudi ya tangu kale, ilikuwa na ofisa mmoja tu wa Kiingereza, Raymond Cafferata, na askari thelathini na kitu. Jumamosi tarehe 24 Wayahudi 67 waliuawa Hebron, baadhi yao wanafunzi wa chuo cha dini, baadhi wanawake na watoto ndani ya nyumba zao. Cafferata aliwafyatulia risasi wauaji, lakini mtu mmoja hawezi kuwa katika kila mlango. Mamia ya Wayahudi waliokoka kwa sababu majirani wao Waarabu waliwaficha. Nalitaja hilo kwa sababu ni kweli, na kwa sababu kila upande una desturi ya kusimulia nusu: huyu husimulia mauaji, yule husimulia majirani. Tarehe 29 yakafuata mauaji ya Safed. Wakati huo meli na ndege zilikuwa zinaleta wanajeshi kutoka Misri na Malta.

Wafa maji na wanaohesabu mawimbi

Baada ya damu zikaja tume. Ya kwanza, chini ya Walter Shaw, ilitoa ripoti Machi 1930. Ilisema wazi kwamba ghasia zilikuwa shambulio la Waarabu dhidi ya Wayahudi, na kwamba hazikupangwa kabla. Ilimwondolea Mufti lawama ya kuzipanga, ingawa mjumbe mmoja, Harry Snell, aliona Mufti anastahili kubeba zaidi. Matukio ya Ukutani tangu Yom Kippur ya 1928 iliyaweka katika sababu za karibu, na maandamano ya tarehe 15 Agosti ikayaona kuwa mazito kuliko yote. Sababu ya msingi ikaiweka penginepo: Waarabu walihofu kwamba uhamiaji na ununuzi wa ardhi utawafanya maskini, na siku moja watawaliwe na Wayahudi.

Hapo ugomvi wa pazia ukawa ugomvi wa ardhi, ambao kwa kweli ndio uliokuwa chini yake siku zote. John Hope Simpson akatumwa kupima mashamba. Ripoti yake na waraka wa Waziri wa Makoloni, Lord Passfield, zilitoka pamoja Oktoba 1930, zote zikielekea kubana uhamiaji na uuzaji wa ardhi. Weizmann akajiuzulu uongozi wa harakati ya Kizayuni, wabunge wakachachamaa London, na tarehe 13 Februari 1931 Waziri Mkuu Ramsay MacDonald alimwandikia Weizmann barua, ikasomwa bungeni, iliyoutafsiri waraka wa Passfield hadi ukabaki ganda. Waarabu waliiita Barua Nyeusi. Miezi minne tu ndiyo waraka wa Passfield ulidumu. Kama kuna tarehe ambayo Mwarabu msomi wa Jerusalem au Nablus aliacha kuamini tume za Kiingereza, mimi ningeitaja hiyo. Mwaka 1935 wahamiaji wa Kiyahudi walioingia kwa ruhusa walizidi 61,000, Hitler akiwa tayari anatawala Ujerumani, na mwaka 1936 Waarabu waliasi.

Ukuta wenyewe ulipata tume yake, ile iliyopaswa kuwapo tangu 1922. Iliidhinishwa na Shirikisho la Mataifa na haikuwa na Mwingereza ndani yake: mwenyekiti Eliel Löfgren, aliyewahi kuwa waziri wa mambo ya nje wa Sweden, pamoja na Charles Barde wa Uswisi na C. J. van Kempen wa Uholanzi. Ilifika Jerusalem Juni 1930, mwezi huo huo ambao Waarabu watatu waliotiwa hatiani kwa mauaji ya 1929, Muhammad Jamjum, Fuad Hijazi na Ata al-Zir, walinyongwa katika gereza la Acre. Adhabu za kifo za wengine zilikuwa zimebadilishwa.

Tume ilisikiliza mashahidi 52 na kutoa uamuzi ambao, kisheria, sioni pa kuupinga. Ukuta ni mali ya Waislamu peke yao, kama sehemu ya Haram. Sakafu iliyo mbele yake ni wakfu. Wayahudi wana haki ya kufika wakati wowote kusali. Kisha ikateremka hadi kwenye mambo madogo ambayo hakuna aliyetaka kuyaandika kwa miaka kumi na mitatu: wanaweza kuleta meza na kabati la Taurati siku zilizotajwa, hawawezi kuleta viti, mabenchi, mazulia wala pazia, hawaruhusiwi kupuliza shofar, ile pembe ya kondoo. Waislamu nao wafunge mlango wa kusini nyakati za sala za Sabato na sikukuu, wasipitishe wanyama saa fulani, wala wasifanye zikiri kwa namna ya kuwaudhi wanaosali. Ikawa sheria kamili kuanzia tarehe 8 Juni 1931.

Karatasi hiyo ingetolewa mwaka 1922, wakati pazia lilikuwa bado pazia, nadhani pande zote zingenung'unika na kuizoea. Mwaka 1931 ilikuwa imechelewa. Kilichokatazwa kikawa ndicho cha kutafutwa: kila mwaka, Yom Kippur ilipokuwa inamalizika, vijana wa Kiyahudi waliingiza shofar kwa siri chini ya nguo zao, wakaipuliza Ukutani, wakakamatwa na polisi na kufungwa. Desturi hiyo iliendelea hadi mwisho wa utawala wa Kiingereza.

Wakati tume zilipokuwa zinaandika, serikali ilimwita pia Herbert Dowbiggin, mkuu wa polisi wa Ceylon, aje kupanga upya jeshi la polisi la Palestina. Alipendekeza Waingereza waongezwe na kila makazi ya Wayahudi yawekewe silaha za kujilinda katika ghala lililofungwa kwa muhuri. Kati ya mapendekezo yote yaliyozaliwa na ghasia za 1929, ya uhamiaji, ya ardhi, ya Ukuta na ya baraza la kutunga sheria, ya Dowbiggin kuhusu polisi na bunduki ndiyo yaliyopata fedha upesi.